Umeziba chubuko la rangi ya gari lakini halijakaa sawa: soma dalili kabla ya kushika msasa

Kuziba chubuko si kazi ngumu. Ugumu uko mwishoni, pale rangi imekauka, jua la saa nne limepiga kwenye boneti, na doa bado linaonekana. Wengi wakifika hapo hukimbilia msasa. Nakuomba usiukimbilie. Kasoro inaonekana juu, lakini chanzo chake mara nyingi kiko chini, na ukianza kusugua kabla hujajua iko tabaka gani, kazi ya nusu saa inaweza kugeuka kazi ya fenda nzima.

Nawaandikia waliojirekebishia wenyewe: vidonda vya kokoto kwenye boneti, mikwaruzo ya bajaji na bodaboda milangoni, kona ya bampa iliyogusa jiwe wakati wa kugeuza. Mwanza hayo hatuyatafuti, yanatufuata. Barabara ya Shinyanga au ya Musoma ukikaa nyuma ya lori, kokoto zitakupata. Ukiegesha karibu na soko la Kirumba au stendi ya Buzuruga, mkokoteni utakupata. Na nyumba zetu nyingi za mlimani zina geti jembamba lenye jiwe kubwa pembeni ambalo halihami.

Gari lililotoka kiwandani lina bati, juu yake rangi ya kuzuia kutu, kisha praima, yaani rangi ya chini ya kushikisha, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia inayotoa mng'ao. Yote hayo kwa pamoja huwa kati ya mikroni 100 na 150 hivi, na klia peke yake ni mikroni 40 hadi 50. Milimita moja ina mikroni 1,000. Kwa hiyo unacheza ndani ya nafasi ndogo sana, na kila unapopitisha msasa unapunguza akiba ambayo gari halitapewa tena.

Vipimo vitatu kabla ya tiba

Cha kwanza ni maji. Lowesha doa kwa maji safi, kisha litazame kwa pembe. Maji hujaza mikwaruzo midogo na kuusawazisha uso kwa muda. Kasoro ikipotea wakati pamelowa na kurudi panapokauka, tatizo liko juu ya klia tu, na litaondoka kwa kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia na kung'arishia rangi. Ikibaki vilevile chini ya maji, tatizo ni la rangi yenyewe, au kina, au kitu kilichofungiwa chini. Polishi haitaligusa hata ukisugua mpaka magharibi.

Mzee mmoja, jirani yangu wa mtaa wa Pasiansi, aliniita kwenye Toyota yake ya bluu iliyokoza. Alikuwa amepaka rangi kwenye mlango wa nyuma, akapuliza klia, akapiga msasa, na sasa eneo lote la upana wa viganja viwili lilikuwa la kijivu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tazama hapa. Rangi waliyonichanganyia dukani si yenyewe. Nataka niirudishe."

Nikachota maji kwa kikombe, nikamwagia. Ukijivu ukatoweka, bluu ikatokea ileile ya mlango wa mbele. Tukasimama kuangalia maji yakikauka kuanzia pembeni, na ukijivu ukarudi nyuma yake. Akainama, akapitisha kidole.

"Kumbe rangi ni nzima?"

"Nzima kabisa mzee. Hiyo ni mikwaruzo ya msasa tu, haijafutwa."

Alikuwa ametumia msasa namba 1000 kisha akaruka moja kwa moja kwenye kompaundi, bila kupita namba za juu ambazo ni laini zaidi. Angerudisha ile rangi dukani, angeongezewa nyingine isiyohitajika, na mlango ungeharibika kweli.

Kipimo cha pili ni kucha. Fumba macho, pitisha kucha taratibu kutoka rangi ya zamani kwenda kwenye doa. Ikigonga na kupanda, doa limeinuka. Ikidumbukia, limezama. Ikipita bila kugundua kitu, tofauti unayoiona ni ya rangi au ya mng'ao, si ya kimo.

Cha tatu ni rangi ya tope unaposugua. Kwenye gari lenye klia, tope la msasa wa maji huwa jeupe. Tope au kitambaa kikianza kuchukua rangi ya gari, acha mara moja: umeshaimaliza klia na sasa unakula rangi. Isipokuwa kama gari lilipigwa rangi ya aina moja isiyo na klia, hapo ni kawaida. Kwa gari jeupe kipimo hiki hakisaidii, tegemea maji na kucha.

Doa limeinuka au limezama

Tone la rangi ya kichupa likikauka juu ya kidonda cha kokoto huacha kinundu. Chanzo ni kupaka kwa wingi mara moja. Usikikwangue kwa wembe. Subiri siku mbili tatu kwa uchache, na ukiweza wiki, maana ndani ya tone bado mna tina, kile kiyeyusho cha rangi, inayotafuta njia ya kutoka. Kisha kata kipande kidogo cha msasa namba 2000, kibandike kwenye kifutio cha shule kilichokatwa kikawa na uso bapa, na ubandike tepu ya karatasi pande mbili za doa. Lowesha kwa maji yenye tone la sabuni, sugua kinundu peke yake kwa mwendo mfupi. Msasa ukianza kugusa tepu, bandua tepu, malizia kwa namba 3000, kisha kompaundi.

Kusugua kwa ncha ya kidole ndiko kunakoharibu wengi. Kidole hakina ubapa. Kinachimba pembeni ya kinundu na kuacha kinundu kikiwa kimesimama palepale.

Likizama, habari ni nyepesi: rangi ilijaa ikiwa mbichi, ikasinyaa ilipokauka. Ongeza tabaka jembamba, subiri likauke, ongeza tena mpaka lipite kidogo kimo cha rangi ya zamani, kisha lisawazishe kama hapo juu. Kidonda kilichofika kwenye bati hakijai kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa rangi.

Ukungu mweupe umejitokeza klia ikikauka

Hapa ndipo ziwa linapoingia kwenye kazi yetu. Tina inapoyeyuka kwenda hewani huchukua joto la uso inakotoka. Uso ukipoa chini ya kiwango ambacho hewa inaweza kushika unyevu wake, mvuke hugeuka maji juu ya rangi mbichi, na maji hayo hufungiwa ndani. Unaona weupe, hasa kwenye rangi za giza. Rangi na klia za NC (nitroselulosi, zinazokauka kwa tina kutoka tu, bila kuchanganywa na kigandisho), na makopo mengi ya kupulizia, ndizo zinazoumwa zaidi na ugonjwa huu, kwa sababu tina yake hukimbia haraka.

Anayepaka rangi Dodoma wakati wa kiangazi hapati shida hii kirahisi. Sisi tunaishi kandokando ya maji. Usiku ngurumo hujijenga juu ya ziwa, asubuhi mwili wa gari umelowa umande, jioni joto linashuka haraka. Ushauri wangu ni kufanya kazi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, bati likiwa limeshakauka hata kwenye maungio na lina uvuguvugu wa mkono. Weka kiganja juu yake: likiwa la ubaridi, subiri, likikuunguza usiweze kuacha mkono, vuta gari kivulini usubiri pia. Kipindi cha mvua za Machi hadi Mei, na zile za Novemba na Desemba, chagua siku, usilazimishe. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kufanya kazi hizi kwa raha.

Kama weupe umeshatokea, usipulize klia nyingine juu yake, utaufungia. Acha gari kwenye hewa kavu na jua la wastani siku moja. Ukungu mwepesi mara nyingi hupungua wenyewe au huondoka kwa kompaundi. Ukibaki, na rangi ni ya NC, pulizia ukungu mwembamba sana wa tina inayokauka polepole: uso utalainika, unyevu utatoka, na klia itajifunga upya. Fanya hivyo mchana mkavu na kwa mkono mwepesi.

Klia ya 2K, ile ya kuchanganya na hadina, yaani kigandisho chake, ina ugomvi wa namna yake na unyevu. Hadina huungana na maji ya hewani badala ya kuungana na klia, na mng'ao unadumaa. Ikiwa imekauka ngumu, isugue na uing'arishe. Ikiwa baada ya siku kadhaa ukucha bado unaacha alama, uwiano wa hadina ulikosewa au ilikuwa imeharibika kopo likiwa wazi, na hiyo haina dawa zaidi ya kuitoa yote. Kuhusu hadina, naomba unielewe vizuri: ina kemikali zinazoshambulia mapafu, na barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii kitu. Kama huna kinyago chenye kichujio cha mvuke wa rangi, glavu na miwani, na sehemu iliyo wazi mbali na watoto, tumia klia ya kopo la kawaida au mpelekee fundi.

Vishimo vya duara, rangi inakataa kukaa

Umepuliza, na kabla hujashusha mkono rangi inajikusanya pembeni na kuacha viduara vinavyoonyesha chini. Hilo ni mafuta, na mara nyingi ni silikoni. Dawa za kung'arishia matairi na dashibodi zina silikoni, na ukiosha gari kabla ya kazi, kijana wa kuoshea kwa wema wake anakumalizia kwa kulipaka matairi. Mwambie asifanye hivyo siku hiyo. Mafuta ya ngozi kwenye kiganja nayo yanatosha kuharibu.

Rangi ikiwa bado mbichi, ifute yote, safisha, anza upya. Ikiwa imekauka, sugua mpaka vishimo viishe, safisha, rudia. Kusafisha kunafanywa kwa vitambaa viwili visivyotoa nyuzi: kimoja chenye spiriti au dawa ya mafundi rangi ya kutolea mafuta, cha pili kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Ukiacha ikauke yenyewe, mafuta yanarudi palepale yalipokuwa. Petroli usiitumie. Inaacha mabaki yake, na moto hauhitaji mwaliko.

Vipovu na matundu ya sindano

Ukiona vitundu vidogo vingi vimesambaa, hasa upande uliopata jua, ulipuliza nene mno au ulipuliza juu ya bati la moto. Ngozi ya juu ilikauka kwanza, tina iliyobaki chini ikaitoboa ikitoka. Gari jeusi lililoegeshwa Mabatini saa saba mchana litakufanyia hivyo kila mara. Usijaribu kujaza vitundu kwa kompaundi. Inaingia ndani, inakauka ikawa nyeupe, na sasa una alama mia badala ya kasoro moja. Sugua mpaka vitundu viishe, kisha puliza mikono miembamba, ukiipa kila mmoja muda ulioandikwa kwenye kopo.

Uso umekuwa kama ganda la chungwa

Kopo lilikuwa mbali mno, au bati lilikuwa la moto, au tone lilikauka kabla ya kutua. Umbali wa sentimita 20 hadi 25 unafaa kwa makopo mengi. Klia ikiwa imekauka vizuri na ina unene wa kutosha, sawazisha kwa namba 1500 juu ya kibao, kisha 2000, kisha 3000. Kabla hujaanza, tazama pia rangi ya kiwandani ya gari lako: nyingi zina ganda kidogo. Ukilainisha kiraka kuliko mlango wote, kiraka kitaonekana kwa ulaini wake.

Rangi imejikunja au imeinuka mara tu ulipopuliza

Magari mengi tunayonunua yamepita mikononi mwa watu, na fenda moja inaweza kuwa na rangi ya kiwandani huku mlango ukiwa na rangi ya mtaani. Tina kali ya rangi mpya inapoingia kwenye rangi laini ya chini, inaivimbisha na kuikunja. Jua mapema: chukua kitambaa cheupe chenye tina kidogo, sugua sehemu iliyofichika, ndani ya mfuniko wa mafuta au chini ya ukingo wa mlango. Rangi ikitoka na kuchafua kitambaa, ni NC au rangi isiyo na hadina, na utaiendea kwa mikono miembamba sana ya praima. Ikigoma, ni ya kiwandani au ya 2K, endelea.

Ikiwa imeshajikunja, hakuna kuificha. Iache ikauke kabisa, ikwangue mpaka mahali pagumu, piga praima, anza tena. Najua inauma.

Rangi ni namba ileile lakini haifanani

Hakikisha kwanza kwamba umeisoma namba yenyewe. Kwenye Toyota iko kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa dereva au kwenye ukuta wa injini chini ya boneti, baada ya herufi C/TR. Alama tatu za mwanzo ndizo rangi ya nje. Mfano, 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva, na 070 ni ile nyeupe ya lulu. Hii ya mwisho huwasumbua wengi kwa sababu inapigwa kwa hatua tatu: nyeupe ya chini, tabaka la lulu, kisha klia. Ukipaka nyeupe moja ukaweka klia, itafanana kivulini na kukuaibisha juani. Dukani waambie wazi kwamba unataka zote mbili, ya chini na ya lulu.

Silva na rangi nyingine zenye chembe za alumini zina tabia yake. Ukipuliza mbichi na nzito, chembe huzama na rangi inakuwa ya giza. Ukipuliza kavu na ya mbali, zinalala juu na rangi inakuwa nyeupe zaidi. Kwa hiyo namba ni moja na matokeo ni mawili. Na ukipaka silva kwa brashi, kubali kwamba itaonekana kidogo ukitazama kwa pembe. Hapo lengo ni kuzuia kutu na kulituliza jicho, si kulifuta doa duniani.

Mara nyingi rangi mpya haina kosa, ya zamani ndiyo imechoka. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, na jua hilo linakula klia mwaka mzima. Kabla hujahukumu, ng'arisha kwa kompaundi sentimita 20 za rangi ya zamani kuzunguka doa, kisha tazama tena, mara moja kivulini na mara moja juani. Nimeona tofauti nyingi zikiishia hapo.

Pete kuzunguka kiraka

Kiraka chenyewe kimependeza, lakini kuna duara hafifu mahali klia mpya inapokutana na ya zamani. Sababu ni mbili: ukingo wa tepu uliobandikwa bapa ukaacha ngazi, au vumbi la rangi lililotua kavu juu ya rangi ya zamani. Vumbi linatoka kwa kompaundi peke yake. Ngazi inahitaji msasa namba 2000 kisha 3000, kwa maji mengi.

Mwelekeo ni jambo la maana kuliko nguvu. Sugua ukitokea kwenye kiraka kwenda kwenye rangi ya zamani, kamwe si kinyume chake. Ukienda kinyume, kitambaa kinaukamata ukingo mwembamba wa klia mpya na kuubandua. Safari ijayo, tepu ikunje ukingo wake juu badala ya kuibandika bapa, ili klia iishe taratibu bila mstari; au peleka klia mpaka kwenye mkunjo wa bodi au ukingo wa mlango, ambako jicho halitafuti.

Ukijivu na mizunguko baada ya kung'arisha

Huu ndio ugonjwa wa mzee wa Pasiansi. Kila namba ya msasa ina kazi ya kufuta alama za namba iliyotangulia. Ukitoka 1000, pita 1500, 2000 na 3000. Badilisha mwelekeo kwa kila namba: moja sugua mlalo, inayofuata sugua wima. Mikwaruzo ya mwelekeo wa zamani ikiwa bado inaonekana, hujamaliza, usipande namba.

Mikwaruzo michache mirefu iliyotawanyika, isiyo na mpangilio, ni chembe ya mchanga. Vumbi letu lina punje za mawe haya ya granaiti tunayoishi juu yake, na punje moja kwenye ndoo inatosha kuharibu asubuhi nzima. Tumia ndoo mbili, moja ya kusuuzia msasa na nyingine safi. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kazini siku hiyo. Maji yawe ya bomba. Ya ziwani yana mchanga na uchafu wa kijani. Na tope la rangi lisielekee ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka ukingo wa maji kwa sababu nzuri: maji tunayoogea na samaki tunaokula wanatoka humo.

Wadudu na vumbi ndani ya klia

Mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani yanajulikana na kila anayewasha taa usiku kuanzia Kirumba hadi Igombe. Wanafuata mwanga, na klia mbichi inawakamata. Usipulize rangi jioni chini ya taa, basi. Akishanasa mmoja, usimtoe kwa kidole. Mguu wake utabaki na alama ya kidole itaongezeka. Acha klia ikauke kabisa, kisha msugue kwa kipande cha namba 2000 chenye ukubwa wa ukucha mpaka awe sawa na uso, na ung'arishe. Alama itakayobaki ni ndogo kuliko unavyohofia.

Iling'aa siku ya kwanza, baada ya wiki imefifia

Tina ilikuwa haijamaliza kutoka ulipong'arisha. Ilipoendelea kutoka, klia ilisinyaa na alama za msasa wa chini zikajichora juu. Hakuna cha kupaka upya. Ipe wiki nyingine mbili, kisha rudia kompaundi laini. Kwa sababu hiyohiyo, nta usiiweke kabla ya wiki nne hivi, na bomba la maji ya shinikizo lisiikaribie sehemu hiyo katika kipindi hicho.

Bampa linabanduka vipande vipande

Bampa ni plastiki, na plastiki nyingi za bampa hazishiki rangi bila praima yake maalumu ya plastiki. Kama rangi inatoka kwa vipande na chini unaona plastiki nyeusi tupu isiyo na mikwaruzo, jibu umelipata. Bandua yote inayokubali kubanduka, sugua kwa namba 400 kisha 600, safisha, piga praima ya plastiki, ndipo rangi. Kuziba kipande kimoja tu ni kujitafutia kurudi.

Lakini angalia kwanza kama kweli rangi yako imetoka. Mikwaruzo mingi ya bampa ni rangi ya kitu kingine iliyobaki juu ya klia yako: nyekundu ya bodaboda, nyeupe ya ukuta. Kompaundi na kitambaa vinaiondoa, na chini rangi yako iko salama.

Kipele kinachorudi

Ikiwa doa ulilolifunga linavimba baada ya miezi, kuna kutu chini. Watu husema huku hakuna chumvi ya bahari kama Tanga au Dar es Salaam, na ni kweli ziwa letu ni la maji baridi. Lakini kutu inahitaji maji na hewa tu, na unyevu wa asubuhi zetu unakaa muda mrefu kwenye kidonda kilicho wazi. Kwangua mpaka uone bati jeupe linalong'aa, ukiyafuata mabaki meusi hata yale ya kwenye vishimo. Yasiyofikika yapake dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosfori, ufuate muda wa kwenye chupa. Kisha praima siku hiyohiyo, kabla ya umande wa usiku.

Ukikwangua bati likatoboka, au kutu ikawa inaendelea chini ya rangi nzima kila unapofuata ukingo wake, hiyo imevuka kazi ya nyumbani. Mpelekee fundi rangi, mwonyeshe ulipofika, na umwombe kwamba kabla ya puti, ule ujazo wa kusawazishia bati, akate bati bovu na kuchomelea jipya, akuite ulione kwa macho yako kabla hajalifunika.